Kujaza masurufu St. Helena: uzoefu wangu kwa jicho la mpishi

Ukitoka Cape Town kwa tanga kwenda Brazil au Karibi, kituo chako cha kwanza ni St. Helena, kisiwa cha Waingereza katikati ya Atlantiki ya Kusini, kama maili za baharini 1,700 mbele, na katikati hapo ni maji matupu. Mimi ni mpishi kwenye boti ya matanga ya mabaharia sita. Habari za mandhari na za Napoleon, yule mfalme wa Wafaransa aliyefungiwa huku, wameshaandika wengine. Langu ni maji, dizeli, mboga na mayai.

Niseme mapema: hapa njoo ujazie kilichopungua. Anayetegemea kununulia hapa chakula cha safari nzima atajuta.

Gati la kufungia boti kama zetu hakuna. Kwenye ghuba ya Jamestown, mji mkuu, kuna maboya. Unaita bandari kwa redio, wanakuelekeza ufunge lipi, kisha yanafuata mambo ya forodha na uhamiaji. Watakudai bima ya afya inayolipia hata kukusafirisha nje ya kisiwa ukizidiwa, na hapo hakuna mswalie Mtume. Ikate kabla hujang'oa nanga Cape Town. Maofisa wenyewe ni wapole, mpaka nikaona haya kwa haraka yangu.

Kushuka pwani ndiko kazi. Kuna boti ya kivuko inayozungukia maboya. Panda hiyo, kidau chako cha mpira kiache kimefungwa. Pale kwenye vidato vya mawe wimbi linapanda na kushuka, na juu zimening'inizwa kamba. Unasubiri boti inyanyuliwe, unashika kamba, unaruka. Sisi watu wa pwani tuliokulia kwenye mashua hatuoni ajabu, ila ijaribu na trei ya mayai mkononi! Beba mkoba wa mgongoni, mikono yote miwili ibaki huru, na vitu vya kuvunjika mpe mwenzako aliyebaki ndani akupitishie.

Maji ni mazuri na hayana chumvi. Dizeli tuliichukua kwa madumu, tukayapitisha kwa kivuko hichohicho, na migongo ilijua. Kwa haya mawili sina lawama.

Chakula sasa. Karibu kila kilichomo madukani kinaletwa na meli ya shehena kutoka Cape Town; mwaka 2018 ilipostaafu meli ya zamani, RMS St Helena, kazi hiyo ilishikwa na MV Helena. Kwa hiyo kabla ya kuuliza bei, uliza meli imeingia lini. Mchele, unga, vya makopo, maziwa ya boksi na nyama ya barafu tulipata bila shida, kwa bei iliyozidi ya Cape Town, na haki yao. Mboga ndiyo mtihani. Wakulima wapo lakini mashamba ni madogo, na wenyeji wanajua siku na saa ya kuwahi. Siku ya kwanza niliingia saa nne asubuhi nikakuta vitunguu na boga moja. Mama mmoja kwenye foleni akanicheka kidogo, akaniambia kesho nije mlango ukifunguliwa. Nikaja, nikapata kabichi, viazi na nyanya. Mayai niliyaagiza kwa muuzaji, nikachukua machache. Kisiwa kina watu kama elfu nne tu. Mgeni kuzoa rafu nzima ni ukosefu wa adabu.

Na kisiwa hiki umaarufu wake ulikuwa kulisha mabaharia! Wareno walikifikia mwaka 1502, wakaacha mbuzi na kupanda miti ya matunda ili merikebu zinazorudi kutoka Bara Hindi zikute chakula. Ulipofunguliwa Mfereji wa Suez mwaka 1869, uliofupisha njia ya Ulaya hadi Zanzibar, meli zikahama. Leo mlishaji naye anasubiri meli.

Kinachofuta uchungu wote ni samaki. Jodari anavuliwa kwa mshipi, mmoja mmoja, na nyama yake niliyoikuta ilikuwa mbichi kwelikweli. Nilipika wa nazi, mwingine nikamtia chumvi. Kahawa yao pia onja, mbegu yake ilitoka Yemen mwaka 1733, ila kwa bei ile utaonja tu.

Pesa: badilisha benki mjini. Pauni ya St. Helena ni sawa na ya Uingereza, lakini nje ya hapo na kisiwa jirani cha Ascension haina mnunuzi, kwa hiyo zimalize.

Ukipata nafasi, mkumbuke na Sayyid Khalid bin Barghash, yule aliyekalia kiti cha Zanzibar siku chache za Agosti 1896. Waingereza walimkamata mwaka 1916 na uhamishoni wake alipitia hapa, kabla ya kurudishwa Afrika Mashariki na kufia Mombasa mwaka 1927. Watalii wote wanapelekwa kwa Napoleon.

Kwa maji, dizeli na samaki naipa nyota tano. Kwa mboga mbili na nusu. Ascension iko maili kama 700 mbele, lakini usiitegemee kwa mboga. Chagua kabichi ngumu, zifunge kwa gazeti moja moja: zangu zilifika Brazil. Nyanya tulizimaliza kabla ya nusu ya njia.