Biro ya karatasi nyuma ya Poste, Lubumbashi: namna walivyotusaidia kupata ada ya mkaazi Iowa

Nawaandikia wazazi, mashangazi na wajomba wa Lubumbashi wenye mtoto anayeingia chuo kikuu Marekani, na barua ya chuo imemwita mtu wa nje ya jimbo. Kuna biro (ofisi) moja ndogo, ghorofani, mtaa wa nyuma ya Poste, inayotengeneza faili za namna hiyo. Jina lao naliacha, maana nina lawama yangu juu yao na sitaki iwafukuzie wateja. Lakini kazi yao naisifu.

Mdogo wangu alishinda bahati nasibu ya visa, ile tunayoita loto. Februari 2023 akaondoka na mke wake na watoto wadogo, wakaenda kukaa Cedar Rapids, jimbo la Iowa. Kijana wao mkubwa alibaki kwangu Bel-Air, kwa kuwa alikuwa darasa la mwisho na Exetat, mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari, ilikuwa inakaribia. Wanaoijua loto wanajua presha yake: visa isipotoka kufikia tarehe 30 Septemba ya mwaka wake, basi imekufa. Akafanya mtihani, akapanda ndege kwenda Kinshasa kwa mahojiano ya ubalozi, visa ikatoka kwa wakati, na Oktoba akawa mezani kwa mama yake. Mwaka uliofuata chuo kikuu kimoja cha jimbo kikamkubali, masomo yaanze Agosti 2024. Kwenye habari za ada wakamweka kundi la wageni.

Kundi hilo si jambo dogo. Kwenye vyuo vikuu viwili vikubwa vya Iowa, mkaazi analipa ada ya karibu dola 11,000 kwa mwaka, na mtu wa nje anapita 25,000. Mdogo wangu anafanya kazi ya usiku kiwandani. Tofauti hiyo angeitoa wapi?

Mtu wa kwanza niliyeelekezwa kwake hapa mjini alitaka dola 300 na kuahidi kwamba makazi yatabadilika ndani ya mwezi. Njia yake ilikuwa kuandika mkataba wa nyumba wenye tarehe za nyuma na jina la kijana juu yake. Nilishuka ngazi zake bila kumwachia hata franka. Karatasi ya uongo kwa mtoto mwenye grinikadi, kadi ya ukaazi wa kudumu Marekani, inaweza kumharibia zaidi ya ada. Inagusa haki yake ya kukaa nchini kule.

Papa anayepokea watu kwenye biro ya nyuma ya Poste alikuwa zamani mwalimu wa Kiingereza. Hakuuliza habari ya pesa kwanza. Alichukua farde tupu ya kaki, akapiga mstari mrefu kwa kalamu ya bluu, akaandika Februari 2023 upande wa kushoto na Agosti 2024 upande wa kulia. Juu ya mstari akaweka safari ya wazazi, chini yake safari ya kijana. Wazazi walikuwa na miezi kumi na minane kabla ya masomo kuanza. Kijana alikuwa na kumi.

“Mama,” akasema, “tukimtetea kijana kwa miguu yake mwenyewe, tunapungukiwa miezi miwili kufikia mwaka unaotakiwa. Nani anamlisha?”

“Baba yake.”

“Basi tunapitia kwa baba.”

Kisha akanielezea sheria ya Iowa bila haraka. Kule msajili wa chuo anataka kujua zaidi ya yote kwa nini uko Iowa. Ukiwa pale hasa kwa ajili ya masomo, unahesabiwa mgeni, na kuonyesha kwamba ulikuja kwa sababu nyingine ni mzigo wako mwanafunzi, chuo hakikutafutii. Mtoto anayetegemea wazazi huhesabiwa kwa makazi ya wazazi wake. Kwa hiyo faili letu lilitakiwa kuonyesha mambo mawili: huyu ni mtoto wa yule baba na anatunzwa naye, na familia ilihama kwenda kuishi, habari ya chuo ikaja baadaye. Majimbo pia hayafanani. Chuo Kikuu cha California kinahesabu siku 366. Texas ina mlango wa aliyemaliza sekondari humo baada ya kuishi miezi 36. Binamu wa kijana aliye Dallas alikuwa anatutumia mashauri kila jioni kwa WhatsApp, na Papa akaniomba tuyaweke kando yote, kwa heshima, maana ni ya Texas.

Hapo ndipo faida ya biro ya hapa Lubumbashi inapoonekana, kwa sababu nusu ya ushahidi ulikuwa huku. Akti ya kuzaliwa kutoka komini, inayomtaja baba. Barua ya mwisho wa kazi ya mdogo wangu, yenye tarehe ya Januari 2023. Mkataba wa kuuza kiwanja chake cha Katuba, maana mtu anayeuza kiwanja hajaenda kutembea. Na buletini za shule za kijana pamoja na diplome, zinazoeleza kwa nini mtoto alifika miezi minane nyuma ya wazazi: alikuwa anamaliza shule, hakungoja chuo kimwite. Upande wa Iowa wakaongeza mkataba wa nyumba, hati za mshahara, kodi ya jimbo, leseni ya udereva ya baba, na karatasi za wadogo zake walioandikishwa shule za Cedar Rapids tangu mwanzo.

Kuna jambo moja ambalo kwa hilo tu ningelipa tena. Orodha nyingi za vyuo vya Marekani zinataja kujiandikisha kupiga kura kuwa alama ya makazi. Sisi Wakongo kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho chetu cha kila siku: benki, barabarani, kununua namba ya simu. Mdogo wangu alikuwa tayari kwenda kuichukua ya kule, kwa nia njema kabisa. Papa aliposikia hayo kwenye simu, alisimama. “Ndugu yangu, usiiguse. Kule ni ya raia peke yake. Mwenye grinikadi akijiandikisha, amejiita raia, na kwa hilo wanaweza kumfukuza nchini.” Akamfanya arudie maneno hayo mwenyewe, mke wake akiwa anasikiliza. Nawasihi wote wenye ndugu kule, wapigieni leo muwaambie hivyo hivyo.

Nilipokuwa nangoja siku nyingine, aliingia baba mmoja mwenye mtoto aliyekwenda Ohio kwa visa ya mwanafunzi, tayari na pesa mkononi. Papa hakuipokea. Alimweleza kwamba visa ile inatolewa kwa mtu aliyeahidi kurudi kwao, kwa hiyo kwa kawaida mwenye nayo hawezi kusema wakati huo huo kwamba amehamia, hata akikaa miaka minne. Yule baba alikasirika, akapandisha sauti hadi watu wa ngazini wakasikia. Papa akamkalisha, akamwonyesha habari za msaada wa masomo wa chuo chenyewe na za vyuo vya miaka miwili ambavyo ada yake ni nafuu. Hakumtoza kitu. Kwa waliopitia ukimbizi, kwa mfano kambi ya Meheba kule Zambia, anauliza kwanza walifikia jimbo gani, kwa kuwa Iowa inaweza kumpa mkimbizi hadhi ya mkaazi mara moja akifika moja kwa moja, bila kungoja mwaka.

Sasa lawama. Tafsiri ya akti ya kuzaliwa ilikuja na postnom, jina letu la pili la Kikongo, kwenye nafasi ya jina la ukoo, wakati grinikadi ya kijana ina mpangilio mwingine. Kwa msomaji wa Iowa hao ni watu wawili tofauti. Biro inayofanya kazi hii kila wiki inapaswa kuweka akti na grinikadi mezani pamoja kabla ya kupiga muhuri. Walirudia bila malipo, lakini mtafsiri wao ni mmoja tu, SNEL ilikata umeme, na siku zikapita wakati sisi tulikuwa tunahesabu kila moja. Pia hawatumi taarifa. Usipopiga simu wewe, unabaki gizani.

Bei yao ni dola 50 kwa faili zima na dola 10 kwa kila ukurasa wa tafsiri. Wanapokea Airtel Money, na wanatoa risiti. Mchana wanabaki wazi kwa ajili ya simu za kule: kiangazi, saa tisa alasiri yetu ndiyo saa mbili asubuhi ya Iowa. Papa mwenyewe hapigi simu chuoni. Anakaa pembeni na kijana ndiye anayeongea na ofisi ya msajili kwa jina lake, na hilo nalipenda.

Msajili aliomba karatasi moja zaidi, ya kodi ya baba, kisha mwisho wa Julai akambadilisha kuwa mkaazi. Kijana sasa anasoma uhandisi, na baba yake amepunguza zamu za wikendi.

Mtakaokwenda, bebeni akti za asili, grinikadi za watu wote wa familia kwa picha iliyo wazi, na tarehe za kuingia Marekani za kila mmoja. Komini peke yake inaweza kula wiki kadhaa, kwa hiyo mtoto anayeanza Agosti faili lake lianze kabla ya Pasaka. Iowa hawabadilishi hadhi kwa kurudi nyuma ya muhula ulioombea, na ada ya muhula uliopita haitarudi.