TAHADHARI: Fundi friji anayezunguka Tabata na mtungi wa gesi, ni TAPELI

Jamani nisomeni hadi mwisho hata kama nitaandika ovyo, mikono bado inatetemeka. 245,000. Laki mbili na arobaini na tano elfu, kanilia zote.

Jumatatu moja friji langu likaanza kugoma chini. Juu linagandisha, barafu za wateja ngumu kama kawaida, ila chini maziwa yanachacha siku hiyohiyo na maji hayana ubaridi kabisa. Nikafuta mpira wa mlango, nikalivuta mbali na ukuta, nikafagia vumbi la nyuma, nikapandisha namba ya ubaridi. Wapi! Jirani wa mlango wa pili ndiye aliyenipa namba ya huyu mtu. Simlaumu, na ninyi msimlaumu, tangu juzi hata macho hanitazami.

Mnaniuliza nilimwaminije. Alikuja saa aliyosema. Ovaroli safi, begi la vifaa, geji ya kupimia gesi yenye mipira miwili, mwekundu na wa bluu, na mtungi. Ilipofika adhuhuri akaomba mkeka akaswali pale sebuleni kwangu, mwanangu anamwangalia. Soda nilimpa akaikataa, akasema hali kitu kwenye nyumba ya kazi. Sasa mtu kama huyo unamshuku vipi?

Akaweka sikio kwenye kompresa, ile mota ya nyuma chini, akatikisa kichwa. "Mama, gesi imekata." Akachomoa waya, akaacha milango wazi, akasema lazima lipumzike hadi kesho ndipo gesi mpya ikubali. Asubuhi nikadeki maji sakafu nzima. Akarudi, akaingia nyuma ya friji na geji yake, akaniita nisikilize. Nikasikia tsssss, ndefu. Akanionyesha mshale wa geji unavyopanda. "Unaona inavyokunywa?" Nikaona, jamani. Niliona kwa macho yangu. Nikalipa 65,000, na jioni maji ya chini yakawa baridi mpaka meno yanauma. Nikamsifia kwa majirani wote! Hilo ndilo linaloniuma kuliko hela.

Siku tisa. Siku ya kumi chini joto tena, na nilikuwa na kilo sita za samaki changu za oda zimebanana juu na barafu. Nikampigia, akaja haraka, mpole vilevile. Akaniomba maji ya moto na kitambaa. Nimekwenda jikoni, nimechemsha, nimerudi, friji kimya. Hata ule mngurumo haupo. Akanishika mkono akauweka juu ya kompresa: "Sikia mwenyewe. Imekufa." Akapiga simu, akaweka spika, mtu wa upande wa pili akasema yuko Kariakoo, dukani imebaki moja tu ya saizi hiyo na kuna mteja njiani. 180,000. Nikatuma kwa simu nikiwa nimesimama palepale, kikombe cha maji ya moto mkononi. Akasema anachukua bodaboda, saa moja tu. Ile saa moja mpaka leo haijaisha. Namba haipatikani. Samaki wote nimewamwaga, harufu haijatoka mpaka sasa.

Jana shemeji akaniletea mzee mmoja fundi wa Buguruni. Hakutoa hata bisibisi kwanza. Akaniuliza: juu lilikuwa linagandisha? Ndiyo. Basi gesi ilikuwepo, akasema, ingekwisha hata juu pasingeganda. Akamulika tochi nyuma, akaufuta kwa kidole ule mrija mfupi wa shaba unaotoka kwenye kompresa, ambao ndio wa kujazia gesi. Ncha yake imebanwa vilevile ilivyotoka kiwandani, rangi nyeusi haijabanduka hata kidogo. Haujawahi kukatwa, haujawahi kuchomelewa. Ile tsssss ilikuwa inatoka mtungini na kwenda hewani! Tena mtungi wake ulikuwa umeandikwa R134a, ninaukumbuka, na kibandiko kilichomo ndani ya friji langu kinasema R600a, gesi ya aina nyingine kabisa. Mzee akasema ni bora hakuijaza, angeniharibia kweli.

Kisha akauliza, "Rilei yako iko wapi?" Kumbe kuna kidude kinachomekwa ubavuni mwa kompresa kuisukuma iwake. Hakipo. Alikichomoa nilipokuwa jikoni namchemshia maji!!! Mzee alipoweka kingine cha 15,000 kompresa ikanguruma papo hapo. Nililia mbele ya watu.

Ugonjwa wenyewe ulikuwa hita ya kuyeyusha barafu, imeungua. Barafu inajaa nyuma ya kile kibao cha ndani kule juu panapogandisha, inaziba feni, ubaridi haushuki chini. Ndiyo maana alipoacha milango wazi usiku kucha barafu ikayeyuka na likapona zile siku tisa. Alijua. Alijua toka dakika ya kwanza, akaniuzia maji yangu mwenyewe kwa 65,000.

Mtu huyu afungwe. Nataka afungwe, si kurudisha hela tu, maana wajane na akina mama wa barafu amewapitia wangapi? Nimeshachukua RB ya polisi, askari kaandika kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, na namba yake na ile aliyopokelea hela ninazo.

Wenye friji, haraka haraka: gesi ya friji haiishi kama ya jikoni, inazunguka humohumo, ikipungua imevuja, na anayejaza bila kutafuta panapovuja anakula hela yako. Someni kibandiko, mtungi ufanane nacho. Msiondoke alipo, hata akiomba maji. Kifaa mkanunue naye. Na kama juu linaganda na chini joto, chomoeni, milango wazi siku nzima, mwone kwanza. Mengine mzee alisema nimesahau, kichwa hakijatulia.

Ni mrefu, mweusi, ana kovu dogo juu ya nyusi ya kushoto, mpole sana, anaita kila mtu "mama". Mlioko Tabata, Segerea, Kimara, akija na geji yake mwacheni aingie, fungeni geti, nipigieni.