Ada bila adabu: uzoefu wangu na shule ya wasichana ya Main Line

Nilisubiri hasira zipoe kabla ya kuandika, nazo zimegoma. Tunaishi katika vitongoji vya Main Line, magharibi ya Philadelphia, ambako shule za binafsi zimejipanga kando ya reli, na kwa kuwa mimi mwenyewe nilisoma Weruweru, hakuna aliyehitaji kunishawishi kuhusu faida ya binti kusoma bila wavulana darasani. Hapa majirani huzitaja shule za wasichana za Agnes Irwin, iliyoanzishwa mwaka 1869, na Baldwin, ya mwaka 1888, kama watu wanaotaja ukoo wao. Shule ninayoisimulia si mojawapo ya hizo, na jina lake nalihifadhi.

Majira ya baridi yalipokuwa yanakwisha, niliitwa kuzungumzia ombi letu la kupunguziwa ada. Ada ya sekondari katika shule nyingi za aina hii huku inapita dola 40,000 kwa mwaka, kwa hiyo kuomba si aibu, na fomu yenyewe inataka kila kitu: mshahara, kodi, thamani ya nyumba, hata gari. Niliandika kwa uaminifu kwamba kila mwezi natuma fedha Tanga kwa ajili ya dawa za mama na ada ya watoto wawili wa marehemu kaka yangu. Afisa, binti wa rika la mdogo wangu wa mwisho, ambaye tayari alikuwa ameniita kwa jina langu tupu mara tatu, aliweka kalamu juu ya mstari huo, akatabasamu, akasema kwamba hayo ni matumizi ya hiari. Nilipomuuliza ni hiari ya nani, alinieleza polepole, kama anayesema na mtoto, kwamba familia ni wale wanaoishi chini ya paa moja, na kwamba fedha hizo zinahesabiwa sawa na safari za mapumziko. Safari za mapumziko! Insulini ya mama yangu imetiwa kapu moja na kwenda kuteleza kwenye theluji ya milima ya Poconos.

Nilinyamaza, jambo ninalolijutia hadi leo. Usiku ule niliandika barua pepe ya kuliondoa jina la binti yangu, nikaisoma mara mbili, kisha sikuituma.

Sikuituma kwa sababu yake yeye. Mtoto ambaye katika shule ya umma alikuwa akijificha kiti cha nyuma, siku aliyoalikwa kushinda pale alirudi na alama ya kuungua kidoleni, kwa kuwa mwalimu wa fizikia alimwachia alehemu saketi mwenyewe, naye alikuwa akijivuna kama aliyetwaa kombe. Basi nikasaini mkataba, nikijua kwamba tarehe fulani ikishapita unadaiwa ada ya mwaka mzima hata ukimtoa mtoto.

Usafiri, nakiri, haunigharimu kitu. Sheria ya Pennsylvania inazitaka wilaya za shule za umma zenye mabasi ziwabebe pia wanafunzi wa shule za binafsi zisizo za kibiashara, hadi maili 10 nje ya mpaka wa wilaya. Basi la njano ndilo jambo pekee katika mpango huu wote ambalo halijaniuliza ndugu zangu ni akina nani.

Je, naipendekeza? Nilipoanza kuandika nilikusudia kusema msithubutu. Kwa walimu wale, pelekeni binti zenu, hata leo. Kwa ofisi ile, nenda na mtu atakayekushika mkono usivunje kitu. Punguzo walilotupa ni dogo kuliko tulivyotarajia, na huombwa upya kila mwaka. Fomu mpya imeshafunguliwa. Mstari wa Tanga nimeuandika tena, nikaambatisha risiti za duka la dawa, na nimeomba nizungumze na afisa mwingine. Wakinipa yule yule, sidhani kama nitanyamaza.