Kozi ya mtandaoni kuhusu viwanda vichafu na sheria za mazingira: nyota 3 na nusu

Nimemaliza hii kozi juzi usiku, masomo 8, jina la waliotengeneza siliweki maana mengine hapa hayatawafurahisha. Niliingia nikiamini kwamba ukikaza sheria za moshi na maji taka basi kiwanda kinafunga virago kinahamia kwenye sheria legelege, kwisha habari. Kumbe inategemea kiwanda chenyewe.

Somo la 3 ndo limenimaliza. Wanakufungulia mahesabu ya kiwanda cha saruji mstari kwa mstari, unaona makaa, umeme, chokaa, usafiri, halafu gharama ya kuchuja vumbi unaikuta huko chini kabisa, na saruji yenyewe ni nzito, ukiisafirisha mbali faida yote inaliwa na nauli, sasa utahamia wapi? Ila betri chakavu za magari ni stori nyingine. Marekani mwaka 2008 walishusha kiwango cha risasi (ile metali yenye sumu iliyomo kwenye betri) inayoruhusiwa hewani kutoka mikrogramu 1.5 hadi 0.15 kwa mita ya ujazo, yaani mara kumi, na betri zikaanza kumiminika Meksiko kwenda kuyeyushwa huko. Lori tu linavuka mpaka. Watafiti walipofuatilia wakakuta watoto waliozaliwa karibu na hivyo viwanda vya kuyeyusha wengi zaidi wana uzito pungufu. Hapo nilisimamisha video kidogo.

Wamegusia pia kwamba kuhama sio lazima nchi, ndani ya Marekani hukohuko kaunti zilizofeli viwango vya hewa zilibanwa zaidi, viwanda vipya vikaenda kujengwa kaunti zenye hewa safi. Hiyo nilikua sijui kabisa.

Sasa malalamiko. Ushuru wa kaboni wa Umoja wa Ulaya wameupa dakika 6, tena wanauongelea kama pendekezo tu! Jamani, tangu Oktoba 2023 waagizaji wa chuma, saruji, alumini na mbolea wanaripoti hewa chafu iliyotoka wakati wa kutengeneza, na kuanzia 2026 inahesabiwa kwa pesa, kwahiyo hata ukikimbilia kwenye sheria laini bili inakusubiri mpakani. Si ndo swali zima la kozi hili? Kwizi nazo ni kukariri miaka tu.

Cheti bado sijakiona, nimewaandikia mara mbili, naowasiliana nao ni roboti.