Gitaa kavu la mkono, mtumba: lipi uchukue Mtwara, lipi uliache

Ukitangaza Mtwara kwamba unatafuta gitaa kavu lililotumika, mtu wa kwanza kukupigia simu atakuwa na la mpingo. Atasifia mbao dakika kumi nzima kabla hujauliza bei. Sisi wa kusini mbao ndiyo udhaifu wetu. Mpingo wa Kilwa unasafiri hadi Ulaya kuwa klarineti, basi ukikabidhiwa kitu cheusi kinachong'aa, mkono wenyewe unaingia mfukoni. Wangu umeshaingia mara mbili. Ndiyo maana ninapopanga nafasi hapa siangalii mbao, naangalia shingo.

Nafasi ya kwanza ni ya gitaa la fundi yeyote, hata asiyejulikana mtaa wa pili, ilimradi limepigwa kila wiki kwa miaka mitano au zaidi. La kwaya, la bendi ya hotelini, la mwalimu. Nyuzi sita za chuma zinavuta shingo na daraja, kile kipande kinachoshika nyuzi juu ya ubao wa mbele, kwa nguvu ya kilo 70 hivi, usiku na mchana. Gitaa lililokula masika matano ya pwani na shingo bado imenyooka, mbao zake zilikaushwa sawasawa, na hilo kwa gitaa jipya huwezi kulijua hata fundi aape. Mikwaruzo isikutishe. Mimi naogopa zaidi gitaa la miaka minane lisilo na mkwaruzo hata mmoja: kuna sababu halikupigwa.

La pili ni lile lililoachwa na mgeni, pengine mtu wa kujitolea au mtaalamu wa mambo ya gesi, likiwa kazi ya fundi mdogo wa huko kwao. Ndani ya tundu utakuta karatasi yenye jina na mwaka. Kazi huwa safi. Tatizo ni kwamba mbao zilizozoea hewa kavu zikifika hapa zinakunywa unyevu. Ubao wa mbele unavimba nyuma ya daraja na nyuzi zinapanda juu. Uvimbe kidogo si ugonjwa. Ila usilipie jina. Muuzaji atakuambia huko kwao liliuzwa kwa dola ngapi. Muulize hapa nani atalinunua kwako ukilichoka. Mnunuzi wako naye atasoma ile karatasi na kusema, "Hii ndiyo kampuni gani?"

La tatu ni la seremala wetu: mgongo na mbavu za mninga au mkongo, mbele mbao laini kama msonobari. Hapa ndipo penye bahati nasibu. Nililolinunua Masasi lilikuwa zuri mpaka majirani walikuja kulitazama. Nyuzi zikiwa wazi, bila kukandamizwa, ziliimba. Nilipopanda juu ya freti ya saba (freti ni vile vyuma vyembamba vilivyopita shingoni), kwaya nzima iligeuka kunitazama. Fundi alinakili freti kutoka gitaa moja, akaweka daraja kwa macho. Ukilityuni, chini linakubali, juu linakataa, na hakuna fundi anayelitibu bila kung'oa daraja.

Kwa hiyo nenda na futi kamba. Pima kutoka kile kijipande cha mfupa kinachopokea nyuzi kichwani hadi freti ya 12, kisha kutoka freti ya 12 hadi mfupa wa darajani. Vipimo viwili vilingane, au cha pili kizidi kwa milimita mbili tatu. Halafu gusa uzi juu ya freti ya 12 bila kuukandamiza, upige na kuuachia: utatoa sauti nyembamba kama kengele. Sasa kandamiza freti hiyohiyo upige tena. Sauti mbili ziwe moja. Zikigombana, shukuru, aga, nenda.

Kimo cha nyuzi juu ya shingo pima kwa kadi za benki. Kila moja ina unene wa karibu milimita 0.76. Kwenye freti ya 12, chini ya uzi mnene kabisa, kadi tatu zipite kwa kubanana. Zikipita tano, vidole vyako vitalia. Uliza kama shingo ina chuma cha kurekebishia. Kama haina, na magitaa mengi ya seremala hayana, tazama shingo kwa jicho moja kama seremala anavyotazama ubao, kuanzia kichwani. Ikiwa imejipinda kama upinde, hiyo bei ni ya mapambo ya ukutani.

Yaliyobaki ni ya dakika mbili. Ingiza karatasi chini ya daraja. Ikipenya, gundi imeachia. Mulika ndani kwa tochi ya simu utafute unga wa wadudu. Gongagonga mgongo kwa kidole usikilize kinachocheza. Nyuzi zenye kutu usizihesabu, chumvi ya bahari haimwachi mtu.

Wazee kadhaa wakiona gitaa kavu lolote bado wanaliita galatoni, kwa Gallotone ya Afrika Kusini. Hayo hayakuwa magitaa ya thamani, na John Lennon wa Beatles mwenyewe alianzia kwenye moja. Nalisema kwa sababu anayeanza kujifunza, mwenye hela ndogo, bora achukue gitaa jipya la bei nafuu la kiwandani kuliko namba tatu isiyopimwa.

Mwisho kabisa, la mpingo mtupu. Nilimuuliza muuzaji mmoja: "Kaka, mpingo mpaka mbele?" Akajibu kwa fahari, "Mpaka mbele." Nikaliweka kwenye mizani ya muuza dagaa: kilo tatu na robo, wakati la kawaida linacheza kwenye kilo mbili. Mpingo unazama majini. Ubao wa mbele unatakiwa utetemeke, na huo hautetemeki. Mpingo wa mgongoni na mbavuni, uliokatwa mwembamba na fundi anayejua, ni habari nyingine, ila bado namba yake inatoka shingoni.

Kanunue kabla ya msimu wa korosho, watu wanapotafuta hela ya palizi na ya kupulizia mikorosho. Kuanzia Oktoba minada ikishaanza, kijana aliyekuwa anakubembeleza kwa laki na nusu hapokei simu. Ukilipata Lindi na unarudi nalo kwa basi, legeza nyuzi zote, lipakate. Buti la basi saa nane mchana linalainisha gundi.