Steshenari ya Chuno, hasa kwa sisi tunaosoma theolojia na familia juu

Wakuu mimi nasoma theolojia hapa Mtwara, nina mke na watoto, kwa hiyo hela ya kuprinti inatoka mfuko uleule wa unga na dagaa, ukipata sehemu wanaofanya kazi vizuri lazima uwaambie wenzako. Hii ipo Chuno, kopi sh 100 na ukiwa na nyingi dada wa pale anakupunguzia bila kubembelezana.

Kilichonikosha ni Kigiriki. Kazi zetu za Agano Jipya zina zile herufi zenye vialama juu, sehemu nyingi ukipeleka faili la Word kwenye flashi zinatoka vijiboksi vitupu maana kompyuta yao haina ile fonti, na hela umeshalipa. Huyu dada aliona kwenye skrini kabla hajatoa hata karatasi moja, akasema kaka hii kaisevu PDF kwenye kompyuta yako ili fonti iende ndani ya faili, nikafanya hivyo na vialama vyote vikatoka, hadi vile vya pumzi juu ya irabu, vinavyoonyesha kama neno linaanza na sauti ya h au la. Amenisaidia sana aisee.

Mama watoto akiwa kwenye vitumbua vyake huwa naenda na mtoto wetu mdogo, anapewa karatasi zilizoharibika achore nyuma, mimi napitia kazi yangu kwa utulivu.

Shida ni wiki ya mitihani, foleni ndefu na umeme ukikatika kazi inasimama, jenereta hawana. Nendeni asubuhi mapema.