Scorsese Bila Bastola: Uchambuzi wa The Age of Innocence

Haya wadau, karibuni. Leo nina muvi ambayo ukiangalia jalada tu utasema hii waachie mama zetu: magauni ya kuburura, magari ya farasi, watu wanakula taratibu na kuongea kwa adabu. Halafu unasoma jina la mwongozaji: Martin Scorsese. Ndiyo, yule yule wa Goodfellas, ya majambazi, ya 1990. Miaka mitatu baadaye akaja na hii, The Age of Innocence, dakika 139, na hakuna hata kofi linalopigwa. Mwenyewe amewahi kusema kwamba katika muvi zake zote hii ndiyo yenye ukatili mkubwa kuliko zote. Ukisikia unadhani anatania. Subiri nikufikishe kwenye meza ya chakula.

Nawaonya mapema: natoboa mwisho. Muvi ina miaka zaidi ya 30, kitabu kimepita 100, kwa hiyo tusilaumiane.

Kitabu ni cha Edith Wharton, kilitoka 1920, na mwaka uliofuata kikampa tuzo ya Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi Marekani, mwanamke wa kwanza kuipata kwa riwaya. Mama huyu alizaliwa humo humo ndani ya matajiri wa New York anaowasimulia. Miaka ya 1870, wakati hadithi inatokea, alikuwa mtoto anawaangalia. Na ana ulimi! Sura ya kwanza tu anakuambia opera ya Kifaransa, yenye maneno ya Kijerumani, inayoimbwa na wasanii wa Kiswidi, ni lazima igeuzwe Kiitaliano ili wasikilizaji wanaoongea Kiingereza waielewe vizuri. Ndiyo utaratibu, na utaratibu wa pale hauulizwi.

Newland Archer ni wakili kijana, Daniel Day-Lewis huyo. Mchumba wake ni May Welland, Winona Ryder, binti wa watu, mpole, anatabasamu muda wote. Kutoka Ulaya anarudi binamu yake May, Ellen Olenska, ndiye Michelle Pfeiffer, amemkimbia mume, kabaila wa Kipolandi. Ellen anataka talaka. Ukoo hautaki aibu, na kwa kuwa Newland ni wakili na anakaribia kuwa mkwe, wanamtuma yeye akamshawishi dada wa watu aachane na habari hiyo. Anakwenda, anamshawishi, anafanikiwa. Halafu ndipo anamwambia anampenda! Steringi wetu huyo.

Sasa, riwaya za namna hii zinawasumbua sana watu wa filamu, kwa sababu usaliti wenyewe haufanyiki mwilini. Newland na Ellen hawalali pamoja hata mara moja. Wanabusiana, wanalia, na kuna mahali ndani ya gari la farasi Newland anafungua vifungo vya glavu ya Ellen, polepole, anabusu kiganja chake. Ndiyo upeo wao. Mwandishi mwenye hofu angeongeza kitanda hapo ili watu wasilale. Scorsese hakuongeza. Kitabu hiki alipewa na rafiki yake Jay Cocks mwaka 1980, akakaa nacho miaka, wakaja kuandika skripti pamoja, na walichofanya ni kupeleka kamera karibu kabisa na ile glavu. Nakuhakikishia utashika pumzi.

Lakini kilichoibeba hii kazi, kwa maoni yangu, ni sauti. Kuna msimulizi, hatumwoni, ni Joanne Woodward, anapita juu ya picha anatuambia nani ni nani, nani kaoa wapi, sahani hii ilinunuliwa na bibi yupi. Wengi hawapendi msimulizi kwenye filamu, wanasema ni uvivu. Sisi tuliokulia kwenye vibanda umiza tukiangalia muvi za kutafsiriwa hatuna shida hiyo. Tumezoea DJ anaingia katikati, anakwambia huyu ni adui, muangalie vizuri, na unamwamini kwa sababu yeye kashaiona muvi. Hapa ndipo Scorsese anakupiga chenga. Woodward anaongea kwa upole, kama mtu anayejua yote, lakini anaposema May hana mawazo yake, May haoni kitu, anakupa anachoamini Newland. Na wewe unaamini pia. Saa moja na zaidi unamtazama yule binti na kumdharau, wewe na mumewe mko upande mmoja.

Wamekusaidia kumdharau, maana wamebadilisha hata nywele. Kitabuni May ndiye mwenye nywele za rangi ya dhahabu, Ellen ndiye mwenye nywele nyeusi. Kwenye muvi ni kinyume. Sijui mtu aliyeona Ryder na macho yake yale akadhani kuna ujanja ndani. Kimya kingi kina mshindo mkuu, wazee walishasema.

Tuje kwenye meza. Newland kashaoa, kaamua moyoni atamfuata Ellen popote. Ghafla Ellen anatangaza anarudi Ulaya, na May anaandaa karamu ya kumuaga, ya kwanza kubwa tangu waoane. Maua, vyombo vya fedha, kadi za vyakula zenye kingo za dhahabu, ndugu wote wamekaa. Kamera inazunguka juu ya vichwa. Newland anaangalia zile sura zinazotafuna na kucheka, taratibu anaelewa: hawa wote wanaamini mimi na huyu ni wapenzi, na wameamini hivyo miezi mingi. Hii siyo karamu, ni maziko ya kistaarabu, na mke wake ndiye mwenyekiti wa kamati. Hakuna aliyepandisha sauti. Mtu kaondolewa mjini kwa supu na samaki. Ndiyo maana nikasema msubiri meza: Scorsese aliposema ukatili hakutania.

Wageni wakishaondoka, Newland anataka kumwambia May kwamba atasafiri, mbali, peke yake. May anamwambia haitawezekana, ana mimba. Alimwambia Ellen pia, wiki mbili zilizopita, na ndiyo maana Ellen anaondoka. Newland anauliza, si ulisema leo ndiyo umekuwa na uhakika? Na binti anajibu kwamba kweli hakuwa na uhakika siku ile, lakini alimwambia, na ona, imekuwa kweli. Angalia anavyonyanyuka kwenye kiti kabla ya hapo: mhariri Thelma Schoonmaker amekata ule mnyanyuko mara tatu, kitendo cha sekunde moja, na gauni linamjaza mpaka anakuwa mkubwa kuliko chumba. Ryder aliteuliwa Oscar kwa kazi hii, hakupata, na mimi hilo bado sijawasamehe.

Kati ya uteuzi tano wa Oscar walipata moja tu, ya mavazi, Gabriella Pescucci. Anastahili. Mitaa mingi unayoona siyo New York jijini, ni mji wa Troy, kwa sababu Manhattan ya 1870 ilishabomolewa zamani. Kupiga picha za opera walikwenda Philadelphia.

Mabaya yake yapo. Nusu saa ya kwanza majina ni mengi mno, akina Mingott, van der Luyden, Beaufort, unataka kushika daftari. Ushauri wangu acha yapite, shika watatu tu. Pfeiffer mwanzoni ananiwia mgumu, kama mtu anayesubiri zamu yake aongee, anakuja kufunguka baadaye. Na pesa haikurudi vizuri: kama dola milioni 34 zilitumika kuitengeneza, sinema za Marekani zikarudisha kama 32.

Kuhusu mwisho mimi na rafiki zangu tunagombana. Miaka 26 imepita, May kafariki, Newland yuko Paris na mwanawe mkubwa. Kijana anamwambia: mama siku moja kabla ya kufa alisema tuko salama na wewe, kwa sababu aliwahi kukuomba uache kitu ulichokitaka kuliko vyote, ukaacha. Newland anajibu, hakuniomba kamwe. Hapo kwangu ndipo muvi inapomuadhibu: yule aliyemwona mjinga alijua kila kitu na alimhurumia. Kisha anakaa kwenye benchi chini ya nyumba ya Ellen, hapandi. Wenzangu wanasema ni mapenzi ya kweli. Mimi nasema ni woga ule ule wa siku ya talaka, umezeeka tu. Scorsese ananipinga kidogo, anaweka mwanga wa jua kwenye dirisha na kumbukumbu ya Ellen akigeuka ufukweni. Kitabu hakina huruma hiyo, na kwa hili mimi nabaki na kitabu.

Ukitaka kuiangalia, epuka nakala za kupakua zilizofifia, nyingi ni giza tupu. Kuna toleo la 2018 la Criterion, kampuni inayotoa upya filamu nzuri, lililosafishwa kwa 4K, yaani picha kali sana. Kama ni kwenye simu basi vaa hedifoni, minong'ono ni mingi. Riwaya haina tena hakimiliki Marekani, ipo bure Project Gutenberg, tovuti ya vitabu vya zamani. Sura zipo 34. Kama huna muda wa zote, ruka moja kwa moja mpaka ya 33, May anatandika meza.